Mgombea Asiye na Meno

Kulikuwa na nchi, na haikuwa yenu. Nalisema hili mapema, asije mtu akaanza kununa katikati ya hadithi akidhani namsema mjomba wake. Nchi yenyewe iko mbali, nyuma ya milima, na ukiitafuta kwenye ramani utaikuta pale ramani ilipokunjwa.

Serikali ya nchi hiyo iliahidi kumpa kila mwananchi kitambulisho. Mashine ya kuchapisha ikanunuliwa, ikazinduliwa, ikakatiwa utepe na wakubwa watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja na utepe wake, kisha ikafunikwa turubai isiingie vumbi. Vitambulisho havikutoka. Wananchi wakasubiri mpaka wakasahau walichokuwa wanakisubiri. Ndipo waziri mmoja, mtu mwenye akili nyingi na shughuli chache, akagundua kwamba wenyeji wa nchi ile kitambulisho wanacho tayari, tena kipo usoni. Kila aliyezaliwa na kukulia pale alikuwa na meno ya kahawia, na wageni wote meno yao yalikuwa meupe. Ikatungwa Sheria ya Utambulisho kwa Meno, na mashine ikaachwa ipumzike.

Tangu siku hiyo, ukienda benki unakenua. Polisi wakikusimamisha barabarani, unakenua. Mwenye meno ya rangi ya kahawa ni Mzawa Daraja la Kwanza na hapangi foleni. Mwenye rangi ya chai kavu ni Daraja la Pili. Rangi ya chai ya maziwa, huyo anaulizwa maswali mawili matatu kuhusu babu yake. Mwenye meno meupe ni mgeni, hata kama mama yake mzazi amesimama pale pale amemshika mkono. Wakubwa walieleza kitaalamu kuwa rangi ile inatokana na damu ya mababu, na dawa ya meno ikapigwa marufuku pamoja na bangi.

Mimi mwenyewe ni kahawa, tena kahawa iliyokaangwa ikaiva. Sijisifu, nataja tu. Kazi yangu ni kutangaza kwa kipaza sauti katika mji wa Majitamu: misiba, mikutano, mbuzi waliopotea na ahadi za viongozi. Kwa hiyo haya nitakayoeleza, mengine niliyasikia kwa masikio yangu na mengine niliyatangaza kwa mdomo wangu, nikalipwa.

Sasa, Dakta Anasia Munguatosha alizaliwa Majitamu kama sisi, lakini bibi yake alikuwa mbishi. Bibi huyo hakupenda foleni ya bombani na umbea wake, akaweka mapipa chini ya bati, akakinga maji ya mvua, na mjukuu akakulia hayo. Meno yakaota meupe kama ya mtalii. Akiwa binti alikwenda nchi za mbali kusomea maji. Watu walicheka sana, maana kwetu maji yanachotwa, hayasomwi. Alirudi baada ya miaka mingi, sheria ya meno ikiwa imekwisha kuota mizizi, na hakurudi kwa sababu ya siasa. Alirudi kwa sababu kaka yake, Elisante, alimpigia simu akamwambia kuwa mwanawe Ndeshi, mtoto wa miaka minne, miguu imeanza kujipinda nje kama upinde, na akitembea analia.

Watoto wa namna hiyo tulikuwa nao wengi, na hatukuona ajabu. Wazee walikuwa wakisema ni mtoto aliyepewa baraka nzito kuliko mifupa yake. Tulikuwa tukiwabeba mgongoni mpaka wakawa wazito, kisha tukawawekea kiti mlangoni.

Dakta Anasia alipima maji ya chemchemi yetu, akayapima tena, kisha akanipa tangazo la mkutano. Siku ya mkutano alieleza kwa upole, bila karatasi. Alisema maji yetu yana madini yanayoitwa floraidi, tena mengi mno. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengeka, meno yanatoka na kahawia. Akizidi kuyanywa, mifupa nayo inaharibika, na miguu inapinda. Akasema damu ya mababu haihusiki kabisa, na kwamba ipo dawa ya kawaida tu: mkaa wa mifupa ya ng'ombe ukiwekwa kwenye pipa na maji yakapitishwa humo, floraidi inabaki kwenye mkaa. Ndeshi alikuwa ameanza kunywa maji ya pipa la namna hiyo.

Nilitegemea watu wakasirike. Lakini Mwenyekiti wa Bodi ya Maji, Mheshimiwa Sifaeli, aliyekikalia kiti cha kata yetu katika Bodi hiyo miaka kumi na minane mpaka kikachukua umbo lake, alisimama uso ukimeremeta kwa furaha.

"Ndugu wananchi," alisema, "kumbe ni sisi. Miaka yote hii nilidhani Bodi yangu inasambaza maji, tena nilikuwa nikiona haya kwa sababu hata hayo hatusambazi vizuri. Leo mtaalamu ametufumbua macho. Bodi ya Maji haisambazi maji. Bodi ya Maji inatengeneza wananchi."

Makofi yalipigwa mpaka ndege wakahama. Wiki hiyo hiyo kibao cha Bodi kikapakwa rangi upya, kikaandikwa KIWANDA CHA WAZAWA. Mapipa ya mvua yakatangazwa kuwa ni hujuma, na mimi ndiye niliyetangaza. Dakta Anasia alipoona kwamba sayansi yake imegeuzwa kuwa kampeni ya mwenziwe, alikwenda akachukua fomu ya kugombea kile kiti.

Fomu haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Kamati ya Ukaguzi wa Kinywa, yenye wajumbe watano na tochi moja. Walimwambia akenue, akakenua. Wajumbe wakaangaliana kwa huzuni. Walimfahamu tangu akiwa mtoto, mmoja wao alikuwa shangazi yake wa ukoo, lakini sheria ni msumeno. Mgombea lazima awe na meno ya kahawia.

Yule shangazi ndiye aliyeokoa jahazi. Alikumbusha kwamba sheria inao upole wake. Watoto wachanga hawana meno, na vikongwe meno yamewatoka, na hao wote hawawezi kunyimwa uraia. Ndiyo maana iliwekwa nafasi ya mdhamini wa meno: mtu wa ukoo mwenye kahawia safi husimama kando na kukenua kwa niaba ya asiye na meno. Sasa, akauliza shangazi, meno meupe kisheria ni meno? Kamati ikafungua kitabu. Kitabu kilisema wazi: "Jino ni kitu cha kahawia kilichomo kinywani." Kwa hiyo vile vitu vyeupe vya Dakta Anasia, vyovyote vile viwavyo, havikuwa meno.

Basi akaandikishwa kuwa kibogoyo. Kaka yake Elisante akawa mdhamini, na sharti likawa moja tu: kwa kuwa hana meno, asionekane akitafuna hadharani mpaka uchaguzi upite.

Kampeni ile sitaisahau. Dakta alipokuwa akihutubia, Elisante alisimama kushoto kwake akiwa amekenua mwanzo mpaka mwisho, ili kila neno liwe la mzawa. Siku za upepo midomo ilimkauka, wakawa wanampaka mafuta ya nazi. Mahali pengine Dakta alisimulia habari za kusikitisha kabisa, za mifupa na maumivu, na pembeni yake yupo mtu anacheka. Elisante aliniambia kuwa hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, maana mtoto aliyekuwa akitajwa ni wake.

Na chakula je? Mnajua kwetu mgeni hapiti mlango wa mtu bila kutiliwa kitu mkononi, na anayekataa ametukana jiko. Watu wa Mheshimiwa Sifaeli walilijua hilo. Kila mtaa Dakta alioingia, alikuta mahindi ya kuchoma yanamsubiri, mihogo, miwa, mbavu za mbuzi, na kijana mwenye kamera nyuma ya mti. Akawa anaomba uji. Msomi mzima, kapitia vyuo viwili, anakunywa uji wa ulezi kwenye kikombe cha mtoto huku wenyeji wake wakiguguna mifupa na kumwonea huruma. Alikonda, nguo zikampwaya, na wapinzani wakasema mnaona, hata yeye maji yake yamemshinda.

Mheshimiwa Sifaeli naye alihutubia, na mtu yule kinywa chake kimejaliwa. Alisema mwanamke huyu anataka kuwanywesha mifupa. Aliuliza ng'ombe yule ni wa nani, alikufa kwa ugonjwa gani, na kama ndugu zake wameridhia. Alisema leo wanaondoa floraidi, kesho wataondoa chemchemi, keshokutwa wataondoa mlima. Hapo watu walitazama mlima, wakauonea uchungu.

Lakini swali lililomwangusha Dakta Anasia halikutoka kwa Sifaeli. Lilitoka mkutanoni, kwa Bibi Namsifu, muuza vitumbua, aliyekuwa na mjukuu wa kiti cha mlangoni. Alinyanyuka taratibu, akajifunga kanga vizuri, akauliza:

"Mwanangu, huyu wa nyumbani amekwisha kupinda, tumuachie Mungu. Lakini mke wa mwanangu ana mimba. Huyo atakayezaliwa, akinywa maji yako, meno yake yatakuwa rangi gani?"

Dakta angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya, na ningekuwa na muda wa kuchagua uongo.

"Yatakuwa meupe, bibi," alisema.

"Na atatibiwa wapi? Atasoma shule gani? Nani atamwandika?"

"Sijui bado, bibi. Ninachojua ni kwamba miguu yake itanyooka."

Bibi Namsifu akafikiri, tena akafikiri kwa haki.

"Mwanangu," alisema, "polisi hawaangalii miguu."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, hata upande wa Sifaeli. Nilitazama watu wakitazama chini, na kwa mara ya kwanza kipaza sauti kilikuwa kizito mkononi mwangu. Siyo kwamba hawakumwelewa. Walimwelewa vizuri mno. Kila mzazi pale aliona mbele yake watoto wawili, mmoja mwenye miguu na asiye na nchi, mwingine mwenye nchi na asiye na miguu, akaambiwa achague.

Mkutano wa mwisho wa kampeni ulifanyika uwanja wa mnada, wagombea wote wawili jukwaa moja, mimi katikati na kipaza sauti changu. Watu walijaa. Dakta Anasia alikuwa amekwisha kusema yake, na yalipokewa kama yanavyopokewa matangazo ya mbuzi aliyepotea. Mheshimiwa Sifaeli alikuwa anaendelea na lake la mlima. Nikaona watu wa mbele wanaacha kumsikiliza na kugeuza shingo.

Ndeshi alikuwa anakuja. Mama yake alikuwa amekaa naye upande wa pili wa uwanja, kwenye kivuli cha zizi, na mtoto alikuwa amepewa pera. Alikuwa ameona shangazi yake juu ya jukwaa hana kitu mkononi wakati watu wazima wote wanakula, na akili ya mtoto ikamwambia ampelekee. Akashuka mapajani kwa mama yake akaanza kutembea. Miguu bado ilikuwa imepinda, sitaki kuwadanganya. Alikuwa anayumba huku na huku. Lakini hakuwa analia. Mtoto yule yule ambaye mwaka uliopita alikuwa akipiga kelele ukimsimamisha, aliuvuka uwanja wote wa mnada kwa miguu yake, ameshika pera kwa mikono miwili, na watu wakampisha njia. Hata Mheshimiwa Sifaeli alinyamaza, nafikiri kwa kusahau alipofikia.

Akapandishwa jukwaani. Akamnyooshea shangazi yake pera, akasema, "Shangazi, kula."

Dakta Anasia aliliangalia pera. Akamwangalia kijana wa kamera. Kisha akapiga magoti, akalipokea, akalitafuna, na ile sauti ya kutafuna ikapita kwenye kipaza sauti changu ikasikika mpaka sokoni. Alikuwa anatafuna huku machozi yanamtiririka. Elisante pembeni alikuwa ameacha kukenua, amejifunika uso kwa mikono yake.

Pingamizi liliwekwa kabla hajamaliza kumeza. Kamati ya Ukaguzi wa Kinywa ilikaa siku ya pili yake, na Mheshimiwa Sifaeli alileta picha na mashahidi, pamoja na ushahidi wenyewe, yaani kipande cha pera kilichobaki, ingawa kilipofika mezani askari aliyekilinda alikuwa amekipunguza. Mheshimiwa alikuwa amejiandaa kwa hotuba ndefu. Mwenyekiti wa Kamati akamuuliza Dakta kama ni kweli alitafuna, kwa kuwa ilikuwa lazima aulizwe.

"Ndiyo, nilitafuna," alisema Dakta. "Kwa meno yangu."

Kamati iliduwaa. Katika historia yote ya uchaguzi nchini hakuna mgombea aliyewahi kuulizwa jambo akajibu ndiyo. Walipekua kanuni mbele na nyuma. Kulikuwa na kifungu cha mgombea anayekana, anayekimbia, anayeugua ghafla, anayedai sauti si yake, na anayesema maneno yake yamenukuliwa vibaya. Kifungu cha kukiri hakikuwemo. Kwa kuwa hakikuwemo, shauri liliahirishwa mpaka sheria itakapotungwa, na Dakta akabaki kibogoyo anayetafuna, cheo ambacho hakijapata kutokea tena.

Siku ya kura foleni ilikuwa ndefu, na wote waliokuwa kwenye foleni walivaa fulana za Mheshimiwa Sifaeli. Waliimba nyimbo zake na kula pilau yake. Niliwauliza mmoja mmoja kwa kazi yangu ya utangazaji, na kila mmoja aliniambia kura yake ni ya Mheshimiwa. Jioni masanduku yakafunguliwa, ikaonekana Dakta Anasia ameshinda kwa mbali. Mpaka leo hii hatujui ni nani aliyempigia, kwa sababu hakuna mtu Majitamu anayekubali kuwa ni yeye. Wengine wanasema ni majini. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Serikali haikumwacha Mheshimiwa Sifaeli alale njaa. Alifanywa Mshauri Mkuu wa Bodi, akapewa gari kubwa kuliko la mwanzo, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa wa busara. Alishauri kila mahali penye bomba pawe na mabomba mawili. La kwanza litoe maji ya asili, liitwe Bomba la Uzawa. La pili lipitie pipa la mkaa wa Dakta, liitwe Bomba la Miguu. Mwananchi achague mwenyewe, tuone nani ataisaliti nchi yake. Dakta Anasia alikubali haraka sana, kabla Mshauri hajapata muda wa kufikiri.

Kwenye Bomba la Uzawa hapakuwa na foleni kamwe. Waliochota pale ni viongozi siku za sikukuu, kwa glasi, wakipigwa picha, na mimi. Nilichota kwa uzalendo, ndoo begani, mchana kweupe, nikirudi nyumbani kupitia barabara kuu. Kwenye Bomba la Miguu walipanga foleni wanawake waliojifunika kanga mpaka machoni, kila mmoja akidai ameagizwa na jirani. Mke wa Mheshimiwa Sifaeli nilimtambua kwa viatu. Mke wangu sikumtambua kwa chochote, kwa sababu nilitazama pembeni. Ndoo yangu ya uzalendo, nilikuja kugundua, ilikuwa ya kuoshea vyombo.

Miaka ikapita, kama ilivyo desturi yake. Ukafika msimu wa kuandikisha watoto darasa la kwanza, nami nikaitwa shuleni na kipaza sauti changu kuita majina. Mezani alikaa afisa kutoka makao makuu, mtu makini, na sheria ya meno ilikuwa hai kama siku ilipotungwa. Watoto waliokuwa wakiandikishwa walikuwa wale waliozaliwa wakati wa kampeni na baada yake, pamoja na Ndeshi, aliyekuwa amecheleweshwa na miguu.

Alianza Ndeshi. Akakenua. Afisa akasogea, akavua miwani, akavaa. Ncha za meno zilikuwa kahawia, na karibu na ufizi yalikuwa meupe, na mpaka wake umenyooka kabisa, pale maji yalipobadilika. Afisa akamwandika Mzawa Nusu, akaomba maji ya kunywa. Kisha nikamwita mjukuu wa pili wa Bibi Namsifu, yule ambaye swali lake liliulizwa angali tumboni. Akakenua, na yote yalikuwa meupe. Nikamwita anayefuata. Meupe. Nikamwita mwanangu wa mwisho. Meupe, na pengo moja mbele.

Afisa akaweka kalamu chini. Akauliza, kwa ukali, hawa wote ni watoto wa nani.

Ndipo mama zao wakajitokeza. Hakuna aliyewapanga, naapa. Walitoka kule nyuma walikokuwa wamekaa, kila mmoja akasimama nyuma ya mtoto wake, akamwekea mkono kichwani, akasema amekuja kumdhamini, akakenua. Bibi Namsifu alikuja na mkongojo, maana mkwewe alikuwa safarini. Mke wangu naye alisimama, hakunitazama. Afisa akafungua sheria, na sheria ikawa upande wao: jino ni kitu cha kahawia, na asiye na meno hudhaminiwa na ukoo wake. Kwa hiyo akaandika. Kibogoyo. Kibogoyo. Kibogoyo. Nami niliyatangaza, jina baada ya jina, darasa zima la watoto wasio na meno, na sijawahi kutangaza kitu kwa sauti kubwa namna ile.

Ilipokwisha, watoto wakaruhusiwa, wakatoka mbio. Wote, darasa zima, wakateremka mteremko wa shule wanafukuzana na hakuna aliyebaki nyuma kubebwa. Ndeshi alikuwa wa mwisho, lakini naye alikuwa anakimbia. Afisa alikuwa amekwisha kufunga vitabu vyake, akawaambia akina mama basi, inatosha, wanaweza kufumba midomo. Hawakumsikia. Walisimama pale uwanjani wakiwatazama watoto, na meno yao yote ya kahawia yakiwa nje.